Hatua Nane za Mjomba

Mjomba alikuwa amekiweka juu ya meza ya kulia chakula, amekifunika kitambaa cheupe ambacho zamani kilikuwa kikifunikia redio. Alipokifunua nikaona kichwa cha treni chekundu, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, na kizito hivi kwamba nilikiinua kwa mikono miwili. Mabehewa mawili yalikuwa sakafuni ndani ya boksi. Vipande vya reli vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani.

"Kimekufa," akasema. "Lakini mota nzima. Nimegeuza magurudumu kwa kidole, nasikia gia zinaitika."

Hapo ni Tororo, Jumamosi ya mvua, na mimi nimetoka Kampala kwa teksi tangu alfajiri kwa sababu ya simu yake moja.

Huyu ni kaka wa mama yangu. Aliingia reli mwaka 1969, enzi za East African Railways, akaanza kama kijana wa kuangalia moto kwenye zile Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke vilivyochoma mafuta mazito, akapanda ngazi hadi udereva wa dizeli. Shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, yeye alibaki upande huu wa mpaka pale Malaba, akaendelea na Shirika la Reli la Uganda mpaka alipostaafu. Sisi tuliokulia kwenye kota za reli tumelelewa kwa Kiswahili. Jirani wa kushoto Msamia, wa kulia Mteso, wa mbele Mjaluo aliyehamishwa kutoka Kisumu, na wenyeji wa pale Wajopadhola. Lugha ya kazi iliingia hadi jikoni ikakaa. Leo mimi ni fundi wa redio na televisheni, na nikitaka kusema kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme, imevimba, maneno yanayonijia kwanza ni ya Kiswahili.

Kile kichwa kililetwa na binamu yangu anayefanya kazi Ujerumani. Alikinunua kwenye soko la vitu vilivyokwisha tumika, akakibeba ndani ya sanduku la nguo alipokuja Krismasi. Kilikuja na kiboksi cha kukiamrisha, pamoja na programu ya kupakua kwenye simu. Unagusa kioo, treni inaondoka. Unagusa tena, honi inalia. Wiki tatu nzima watoto wa jirani walijaa sebuleni. Mjomba mwenyewe hakukiendesha sana. Aliniambia kwamba vidole vyake vimekauka, kioo hakivisikii, na hata kinapovisikia, haelewi amefanya nini: amegusa mahali, treni imefanya jambo, basi. Hakuna kilichopita kati ya mkono wake na gurudumu.

Kisha usiku mmoja wa Januari umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Friji ya jirani iliungua. Kiboksi cha Mjomba kilitoa moshi, na kichwa hakikusogea tena.

Kabla ya kukibeba kwenda nacho Kampala, Mjomba alitaka nione jambo. Alitoa futi yake ya chuma, akailaza kati ya reli mbili. Milimita 45. Akageuza futi nyuma, ambako alikuwa ameandika hesabu kwa penseli kwenye kipande cha karatasi alichokigundisha: 45 mara 22 na nusu. Inakuja milimita 1,012. "Hii ni reli yetu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mita moja. Hawa watu wametengeneza reli yetu."

Na ni kweli. Mwaka 1968 kiwanda cha Lehmann cha Nuremberg kilianza kuuza treni kubwa za mfano kwa jina la LGB, zinazopita kwenye reli ya upana huo, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Walikuwa wakifikiria treni za milimani za kwao Ulaya, ambazo reli zake ni za mita moja. Lakini mita moja ni ile ile iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, ikavuka Nile pale Jinja na kuingia Kampala mwaka 1931, ikaenda Kasese mwaka 1956 na Pakwach mwaka 1964. Mjomba amezipita karibu zote. Yeye hakuona kitu cha kuchezea pale mezani, na kuanzia dakika ile nami sikukiona hivyo.

Sasa niseme kilichokuwa kimeharibika, kwa maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Treni za mfano za zamani zilikuwa rahisi sana. Reli mbili, umeme kati yake, magurudumu yanauchukua na kuupeleka kwenye mota. Ongeza volti, treni inakimbia. Badilisha chanya na hasi, inarudi nyuma. Shida yake ni kwamba ukiweka vichwa viwili kwenye reli moja, vyote vinatii amri moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani mmoja, Bernd Lenz, alitengeneza mfumo wa kidijitali wa kuondoa shida hiyo, na katika miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, NMRA, kiliuchukua na kuufanya kipimo cha wote. Katika mfumo huo reli ina umeme kamili muda wote, nao unageuka upande huu na upande ule kwa kasi kubwa. Migeuko ndiyo herufi. Upande mmoja ukidumu maikrosekunde 58, yaani sehemu 58 za milioni za sekunde, hiyo ni moja. Ukidumu 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Ndani ya kila kichwa kuna bodi ndogo, dikoda, inayosikiliza kama mtoto darasani anayengoja jina lake liitwe. Ikisikia namba yake, inasoma amri, na transista nne, swichi ndogo za elektroniki, zinaupeleka umeme kwenye mota kwa upande na kiasi kilichoamriwa.

Ni kazi yenye akili nyingi na ninaiheshimu. Mtu mwenye vichwa kumi na stesheni yenye njia za kupishania, huo ndio mfumo wake. Mjomba ana kichwa kimoja na duara moja la reli.

Nilikifungua mezani kwangu Jumatatu usiku, baada ya kufunga karakana. Skrubu sita chini ya tumbo, moja imejificha nyuma ya kiungio cha behewa. Mwili ukatoka kama ganda la karanga. Dikoda ilikuwa imelala juu ya mota, na waya zake zilikuwa za rangi zile ambazo ukishazijua hazikusumbui tena: nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye magurudumu, ya machungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota. Karibu na ule wa machungwa kulikuwa na chipu yenye kipele. Nilisogeza taa. Kipele kidogo, kama kile cha joto kwenye shingo ya mtoto, na katikati yake kitundu ambacho sindano ingepita. Niliweka pua. Ukishawahi kunusa chipu iliyoungua huhitaji mita ya kupimia umeme.

Mota niliipa volti sita kutoka kwenye betri. Ikaguna, ikasimama. Brashi za kaboni, zinazoingiza umeme kwenye mota, zilikuwa zimeshikamana na vumbi lenye grisi. Nikazitoa, nikazisafisha kwa spiriti pamoja na shaba zinazosuguana nazo, nikarudisha. Mara ya pili ikaimba.

Niliuliza bei ya dikoda mpya. Niliuliza na bei ya kiboksi. Sitaziandika hapa, ila kila moja peke yake ilizidi pensheni ya Mjomba ya mwezi, na hata kama tungechanga, umeme ule ule ungekuwa ukingojea ukutani. Zaidi ya hapo kuna jambo linaloniuma katika kazi hii kila siku. Naletewa vitu vizima, vyenye mota nzima, gia nzima, vyuma vizuri, ambavyo vinatupwa kwa sababu bodi moja ya ukubwa wa kiberiti imekufa na hakuna mtu kati ya hapa na Mombasa anayeweza kuifufua. Siwezi kuzoea.

Nikampigia simu.

"Mjomba, nataka kuitoa kompyuta yote iliyo ndani."

"Itoe."

"Honi itaondoka. Na hutaendesha kwa simu tena."

"Honi nitapiga kwa mdomo, mpwa wangu. Wewe nipe mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono wa kuvutia. Wenye hatua, niwe nahesabu. Hatua nane."

Vichwa vingi vya dizeli vilivyotengenezwa Marekani vina mkono wa hatua nane, na madereva wa nchi nyingi wanazungumza kwa namba hizo. Usukani wa gari unageuka bila kukatika. Mkono wa treni unapanda ngazi. Kila hatua inashika, tak, na dereva anaisikia kiganjani hata kama macho yake yako mbele kwenye reli. Mjomba alipokata simu nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimepanga kumwekea volyumu ya redio, ya kuzungusha, kazi ya nusu saa. Nikaiacha.

Nikajiwekea sharti moja. Chochote nitakachoweka, ndani ya kichwa au kwenye kiboksi kipya, fundi redio yeyote wa Tororo aweze kukitambua kwa macho na kukibadilisha siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo maana yangu ya neno rahisi. Kitu cha bei ndogo kinaweza kuwa kigumu, na nimeona vitu vya bei kubwa vilivyo rahisi.

Ndani ya kichwa kazi ilikuwa fupi. Unaondoa dikoda, unaunganisha nyekundu na machungwa, nyeusi na kijivu. Umeme wa reli sasa unakwenda moja kwa moja kwenye mota. Sikukata waya hata mmoja. Nilitumia viunganishi vya kuchomeka, na dikoda iliyokufa nimeitia kwenye bahasha, nimeigundisha ndani ya boksi la treni. Siku mjukuu wake akitaka kurudisha dijitali, aichomeke mpya bila kunilaani. Kijikapasita kilichokuwa kwenye miguu ya mota nilikiacha mahali pake, kwa sababu ndicho kinachozuia cheche za brashi zisikwaruze redio ya nyumbani.

Kiboksi ndicho kilichonichukua wiki tatu.

Chanzo cha umeme ni chaja ya laptopu, volti 19, iliyokuwa inazagaa karakana. Kutoka hapo umeme unaingia kwenye LM317. Kwa asiyeijua, hii ni chipu ya miguu mitatu ambayo wahandisi wameitumia tangu miaka ya 1970, na sidhani kama kuna duka la vipuri lisilokuwa nayo. Kazi yake ni moja: inahakikisha kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebishia kuna volti 1.25, siku zote. Ukiweka rezista, kile kipuri kinachobana umeme, ya omu 240 kati ya miguu hiyo miwili, mkondo unaopita humo haubadiliki, kiasi cha miliampea tano. Mkondo huo huo ukiupitisha kwenye rezista ya pili kwenda kwenye hasi, kadiri rezista hiyo ilivyo kubwa ndivyo volti za kutoka zinavyopanda. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Nikaketi na penseli. Nilitaka hatua ya kwanza iwe volti nne na kidogo, maana chini ya hapo mota ilikuwa inanguruma bila kuondoka. Omu 560 zikanipa 4.2. Kisha nikajaribu kuongeza rezista za omu 270, moja baada ya nyingine, na kila moja ikaongeza volti 1.4. Rezista saba. Nikahesabu hadi juu: 4.2, 5.6, 7, 8.4, 9.8, 11.2, 12.6, 14. Nilipofika 14 nilicheka peke yangu usiku ule. Mwendo wa volti 14 kwenye sebule ya Mjomba ni mwendo wa heshima. Zaidi ya hapo kichwa kingeruka kwenye kona. Rezista nane za senti, za aina mbili tu, na ngazi nzima imesimama. Kwenye sifuri swichi inaupeleka mguu wa kurekebishia hasi moja kwa moja, zinabaki volti 1.25 ambazo haziwezi kuamsha mota ile.

Swichi yenyewe ni ya kuzungusha, yenye nafasi kumi na mbili, nikatumia tisa.

Upande wa mbele na nyuma ni swichi ya miguu sita, waya zimepishana mgongoni mwake kama herufi X. Ukiisukuma huku chanya inakwenda reli ya kulia, ukiisukuma kule inakwenda ya kushoto, na katikati haigusi kitu. Mafundi wote wanaijua.

Joto lilinipa fundisho ambalo nilikuwa nimelisahau. Mtu angedhani chipu itachemka treni ikikimbia. Ni kinyume. Treni ikienda polepole, volti nne zinakwenda kwenye reli na zile nyingine kumi na tano zinabaki kwenye chipu, ikizigeuza kuwa joto, kama wati sita hivi kwa mota hii. Ikikimbia, zinabaki tano tu. Kwa hiyo nilichukua bati la kupozea kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, nikaweka karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, kati yake na chipu, kwa sababu mgongo wa LM317 umeungana na mguu wa kutoa na sikutaka boksi zima liwe na umeme.

Nikarudi Tororo nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Tulitandika reli sebuleni, tukasogeza viti. Mjomba akaketi kwenye kigoda, kiboksi magotini. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akapiga honi kwa mdomo. Kisha akaanza kuusogeza mkono kutoka moja kwenda mbili.

Kichwa kiliruka. Sina neno jingine. Kilichupa mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, mabehewa yakapinduka, nacho kikatoka kwenye reli kikagonga mguu wa meza. Mjomba hakupiga kelele. Aliinama taratibu akakiokota, akapangusa pua yake iliyochubuka rangi.

"Kichwa hakiruki, mpwa wangu," akasema. "Kichwa kinavuta."

Ilinichukua saa nzima kuelewa. Kule Kampala nilipokuwa nikijaribu, nilikuwa naigeuza swichi haraka, kama mtu anayebadilisha stesheni za redio. Mjomba aliisogeza kama dereva, polepole, akisikiliza. Na swichi ile, kati ya nafasi moja na nyingine, kuna mahali inaachia mguu wa zamani kabla haijashika mpya. Hapo katikati mguu wa kurekebishia unabaki hewani, na LM317 ikikosa njia ya kwenda hasi inatoa kila ilicho nacho, volti kama 17. Mkono wangu wa haraka ulikuwa umelificha kosa. Mkono wa mwenye kazi yake ulilifichua mara ya kwanza.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuupanga upya mnyororo wa rezista. Badala ya swichi kuwa njia pekee ya kwenda hasi, niliulehemu mwisho wa mnyororo kwenye hasi moja kwa moja, na swichi ikawa inafupisha tu. Hata ikielea hewani, volti haziwezi kuzidi 14. Hilo lilizuia hatari lakini halikuzuia mruko.

Dawa ya pili ilikuwa kapasita moja ya maikrofaradi 1,000, kati ya mguu wa kurekebishia na hasi. Nilikuwa naiweka ili kuziba lile pengo dogo la swichi. Mkondo unaokwenda kuijaza ni zile miliampea tano tu, kwa hiyo inajaa pole pole, na volti za reli hazina budi kuifuata. Pengo likafa kabisa. Lakini lilitokea na jambo jingine ambalo sikuwa nimelipanga vizuri kichwani, na ndilo nililotaka kuliandikia makala hii yote.

Treni ilipata uzito.

Mjomba aliweka mkono kwenye moja. Kichwa kikangoja kidogo, kikapumua, kikaanza kutambaa. Akaenda mbili, na kichwa hakikufuata mara moja; kilikusanya mwendo, mabehewa yakakaza viungio, gurudumu moja baada ya jingine. Akaenda tatu, nne. Kule juu kwenye rezista kubwa inachukua sekunde kadhaa mwendo kutulia; ukirudi chini, rezista inapungua, kapasita inamwaga haraka zaidi, na treni inapungua mwendo upesi kuliko ilivyoongeza, kama inayofungiwa breki. Dikoda ile iliyokufa ilikuwa na programu ya kuigiza uzito, unaandika namba fulani ndani yake. Hapa uzito ulikuwa kwenye mkebe wa aluminiamu wa ukubwa wa dole gumba, nilioutoa kwenye televisheni ya zamani.

Mjomba alifunga macho. Alikwenda hatua ya tano akiwa amefunga macho, akarudi ya pili kwenye kona ya dirishani, akaenda ya sita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti ukitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nadhani ni breki. Sikumuuliza.

Nikaongeza dayodi moja, 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka mguu wa kurekebishia hadi wa kutoa, ili reli zikigusana kapasita imwagike kupitia hapo na isiichome chipu. Ukitengeneza yako usiiache. Kichwa kikianguka reli zinagusana, na watoto wanapokuwepo kichwa kitaanguka. LM317 yenyewe inajilinda: mkondo ukizidi inabana, joto likizidi inajizima mpaka ipoe.

Taa ilileta mabishano. Nilikuwa nimeunganisha taa ya LED kwenye reli, kwa rezista ya kiloomu moja, nayo ilikuwa inawaka hafifu treni ikianza na kung'aa ikikimbia. Mjomba alikataa katakata. Taa ya mbele inawaka kabla gurudumu halijasogea, akasema, hata mchana, ili anayevuka akuone. Basi nikaweka betri ya simu ya zamani ndani ya chumba cha dereva, na swichi ndogo chini ya paa. Haitegemei reli kabisa.

Umeme unapokatika tunaunganisha betri ya sola ya volti 12. Hapo LM317 inajiwekea mbili hivi na kutoa kumi na kitu, kwa hiyo hatua tano za kwanza zinafanya kazi kama kawaida, na kuanzia ya sita hakuna kinachoongezeka. Nilimweleza kwa uangalifu nikiogopa atavunjika moyo. Aliitikia kwa kichwa. Alisema anaujua mlima huo, unaipa treni kila hatua nayo inabaki pale pale.

Mkono wa plastiki uliokuja na swichi haukufaa. Katwe, pale Kampala, kuna mafundi wa vyuma ambao ukiwapelekea mchoro kwenye karatasi ya sigara wanakutolea kitu. Mmoja alinichongea mkono wa shaba kutokana na bomba la maji la zamani, mzito, wenye kirungu mwishoni kinachojaa kiganja cha mzee. Nikampa na kazi ya pili, aliyoiagiza Mjomba kwa simu mara tatu ili nisisahau. Kwenye vichwa vya dizeli, mkono mdogo wa kuchagua mbele au nyuma unachomoka. Dereva akishuka, anauweka katikati, anauchomoa, anaondoka nao. Asiye nao haendeshi. Fundi alikata bamba la chuma lenye mwanya, likafungwa juu ya swichi ya miguu sita, na mkono mdogo ukawa unaingia na kutoka mahali pamoja tu, katikati, pale ambapo waya hazigusani.

Sasa duara la reli limeota stesheni. Maboksi ya viberiti yaliyopakwa chokaa: Nagongera karibu na mlango, Busembatia chini ya kabati, Iganga, kisha daraja la Jinja ambalo seremala wa jirani alilitengeneza kwa mbao za makreti ya soda, na ng'ambo yake Mukono. Watoto wanapanga mstari. Mjomba anawafundisha kuhesabu hatua kwa sauti, na anayeruka hatua anarudi mwisho wa mstari. Msichana mmoja wa miaka tisa anaendesha vizuri kuliko mimi. Anafika Jinja kwenye hatua ya tatu bila kutikisa hata kiberiti, na sijawahi kumwona akiangalia kiboksi.

Mwezi uliopita swichi ya miguu sita ililegea. Mjomba hakunipigia. Aliipeleka kwa kijana wa redio aliye karibu na stesheni; kijana huyo akaifungua, akaijua, akaweka nyingine, na alasiri treni ikaondoka. Niliambiwa na binamu yangu, naye aliambiwa kwa simu.

Nilipokwenda wiki iliyopita nilikuta giza linaingia na watoto wanaitwa na mama zao. Mjomba alileta kichwa hadi Nagongera, akakisimamisha mbele ya kiberiti kwa hatua ya kwanza, akarudi sifuri. Akaweka mkono mdogo katikati, akauchomoa, akaupangusa kwa kidole gumba, akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo chake.